Mguu Mzima Tu

Ukitaka kunikasirisha siku hizi, niulize kama ni mzima halafu ugeuke kabla sijafungua mdomo. Zamani neno hilo halikunisumbua hata kidogo. Kwetu Bwaise mama alitulea nalo. Yeye ni Mkenya, alikuja Kampala kuuza mitumba kabla sijazaliwa, na Kiswahili ndiyo lugha tuliyosemeshana ndani ya nyumba. Alitufundisha kwamba mtu akikuuliza "u mzima?" unajibu "mzima". Hata una homa. Hata mafuriko yameingia ndani na godoro liko juu ya meza, unasema mzima, unamuuliza na yeye, anasema mzima, ndipo mnaanza kuelezana shida. Nilidhani dunia yote inajua hivyo. Nilidhani hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesikia "mzima" akaichukua kama cheti cha hospitali.

Nilikosea. Na kosa hilo karibu ligharimu goti ambalo si langu.

Mahali ninapofanya kazi palikuwa ghala la mahindi, kwenye barabara ya kwenda Port Bell. Bosi wangu ni fizio, mama wa makamo mwenye mikono mifupi yenye nguvu za ajabu, na ndiye aliyeligeuza ghala kuwa mahali pa kurudisha wanamichezo waliovunjika. Tuna vitanda viwili, kioo kirefu chenye ufa, baiskeli isiyo na magurudumu, mipira ya kuvuta, na makopo ya rangi tuliyoyajaza zege yakawa vyuma vya kubeba. Mabehewa ya treni yakiingizwa kwenye feri kule chini bandarini, sakafu yetu hutetemeka kidogo, na mgonjwa aliyesimamia mguu mmoja hupata kisingizio cha kuanguka.

Mimi nilianza pale kwa kufagia na kufua taulo. Shule niliachia kidato cha pili. Lakini nina macho, na kila bosi alipokuwa akimnyoosha mtu mimi nilikuwa nafagia eneo lilelile dakika ishirini, mpaka akaniambia, "Wewe, weka huo ufagio, njoo ushike hiki kisigino." Nilikishika. Baadaye akanipeleka kozi ya miezi sita, nikapata karatasi yenye muhuri, iko ukutani. Sasa kazi yangu ni kusimamia mazoezi: kuhesabu, kushikilia, kutia moyo, kugombeza. Na nina ndoto yangu, sioni haya kuisema. Nataka siku moja mchezaji aanguke uwanjani, watu wote wasimame, na mimi ndiye nitakayekimbia kuingia na mkoba. Rangi ya mkoba nimeshaichagua. Njano.

Mlinzi wa goli wa timu moja ya netiboli aliletwa kwetu akitembea kwa magongo. Alikuwa msichana mwenzangu wa umri kama wangu, lakini urefu alichukua wake na wangu. Alipofika mlangoni aliinama, kisha akatazama juu akaona mlango wa ghala ungepitisha lori, akacheka peke yake. "Nimezoea," akasema. Nilimpenda palepale.

Alikuwa ameruka kuzuia mpira, akatua kwa mguu wa kulia, mwili ukaenda huku na goti likabaki kule. Anasema alisikia "ta!" kama mtu anavunja muwa. Kano ya ndani ya goti ilikatika. Madaktari walimpasua wakamwekea nyingine, waliyoitengeneza kutoka nyuma ya paja lake mwenyewe. Bosi alimweleza taratibu, mimi nikisikiliza kama vile goti ni langu: kano mpya ni kama mche uliohamishwa shambani. Unauona umesimama, unafikiri umeshika. Ukiuvuta leo kuangalia, na kesho ukauvuta tena, hautashika kamwe.

Tulianza na vitu ambavyo mtu wa nje angecheka. Kunyoosha goti hadi ligonge kitanda. Kuliamsha paja lililolala. Mtu aliyekuwa anaruka juu kuliko pete anakaa nusu saa akiutazama msuli wake mwenyewe, anauambia, "Amka, bwana," na msuli haumsikii. Yeye ni wa hapahapa, Kiganda ndiyo lugha ya mama yake, na kama wenzetu wengi wa hapa, l na r kwake ni ndugu wanaoazimana nguo.

"Huu mguu wa kuria umepewa jina haswa," alisema siku moja, akijifuta machozi ya maumivu. "Mwenzake hajawahi kuria hata siku moja."

Tulicheka mpaka bosi akaja kuuliza kama tumemaliza hesabu. Tulikuwa tumesahau kuhesabu. Tukaanza upya.

Miezi ikaenda. Magongo yakaondoka. Ukafika wakati wa kuanza kurukaruka, na hapo ghalani tuna kipimo chetu. Sakafuni tumepiga mstari. Mtu anasimama kwa mguu mmoja nyuma ya mstari, anaruka mbele, anatua kwa mguu huohuo bila kuyumba. Nachora alama ya chaki alipotua. Mguu ambao haukupasuliwa, alama ya kijani. Mguu uliopasuliwa, alama nyekundu. Kazi yote ya miezi ile ni nafasi iliyo kati ya kijani na nyekundu. Bosi anataka nafasi hiyo isizidi vidole vitatu ndipo amruhusu mtu arudi uwanjani. Na kabla hata ya kupima hivyo, paja lazima liwe na nguvu ya kutosha. Kwa hiyo mlinzi wetu alikuwa bado anaruka kwa mguu wa kushoto peke yake, kuutunza usilegee, na ule wa kulia ulikuwa haujaruhusiwa kuruka hata sentimita.

Sasa nifike kwa kocha wake. Ni mwanajeshi mstaafu, wasichana wanamwita Afande. Kiswahili chake ni kile cha kambini, kifupi, kinatoka kama risasi. Nilikwenda kumwona uwanjani kwao Luzira mara ya kwanza nikiwa na barua ya bosi, na nikakuta wasichana wamepanga mstari asubuhi, viatu vimelingana.

"Wazima?" akapaza sauti.

"Wazima, Afande!" wakajibu wote kwa pamoja, ndege wakaruka kwenye ukuta.

Nisiseme uongo, nilifurahi. Nilitamani na mimi nisimame pale nipige kelele. Nilirudi ghalani nikamwigizia bosi, na kwa wiki moja nilikuwa nikiingia kazini naviuliza vitanda, "Wazima?"

Kitu ambacho sikukijua siku ile ni kwamba mstari ule haukuwa na jibu lingine. Mlinzi wetu ndiye aliyeniambia baadaye, akiwa juu ya baiskeli. Kulikuwa na msichana mmoja, mchezaji wa katikati, aliyewahi kujibu kwamba mfupa wa mbele wa mguu unamuuma. Afande hakumpiga, hakumtukana. Alimkalisha kwenye benchi wiki nzima na kumpa jina. Hospitali. "Hospitali, rete maji! Hospitali, okota mpira!" Na wenzake nao wakamwita hivyo, kwa utani, mpaka likamganda. Tangu hapo kila asubuhi wote ni wazima.

"Na wewe ulimwita hivyo?" nilimuuliza.

Akakanyaga baiskeli kidogo. "Kila mtu alimwita," akasema.

Ile barua ya bosi Afande aliitazama, akaikunja, akanirudishia. "Hii Kizungu ya daktari inanipa mimi usingizi," alisema. "Niandikie Kiswahili. Mistari mitano. Mimi ni mtu ya amri, nataka amri."

Bosi Kiswahili chake ni cha sokoni. Akaniambia, "Wewe ndiye mwenye lugha. Andika." Sijui kama mtu aliyesoma sana anaweza kuelewa nilivyojisikia. Mimi, wa kidato cha pili, niandike maagizo ya goti la mchezaji mkubwa! Niliandika kwenye kadi ngumu kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote, nikaanza upya mara mbili kwa sababu wino ulichafua:

Baiskeli: miguu yote.
Kuchuchumaa: miguu yote, asishuke sana.
Kukimbia: mbele tu, asikate kona.
Kuruka: mguu mzima tu.
Mechi: bado.

Ukiisoma polepole labda umeshaona. Mimi sikuona. Kwetu ghalani kuna mguu mzima na mguu mbovu, tunasema hivyo siku nzima, "anza na mzima, badili, sasa mbovu". Niliona nimeandika jambo lililo wazi kama jua. Bosi aliitazama, akasema mwandiko ni mzuri. Mlinzi wetu akaipeleka.

Wiki iliyofuata, Jumatatu, aliingia ghalani akitembea polepole mno, kama mtu anayebeba sufuria ya uji kichwani. Amevaa suruali ndefu, na jua lilikuwa kali.

"Habari, dada yangu. Mzima?" nikamwambia.

"Mzima."

"Vua suruali tuanze."

"Reo tufanye mikono tu."

Tangu lini sisi tumefanya mikono? Nikamkalisha kitandani, nikaipandisha suruali mwenyewe. Goti lilikuwa limeumuka kama andazi. Halina mfupa, halina umbo. Nilipolibonyeza upande mmoja, maji yalihamia upande wa pili chini ya vidole vyangu.

"Nimerara vibaya," akasema haraka.

"Umelala juu ya nini? Juu ya reli?"

Akajaribu kuishusha suruali. "Ijumaa na Jumamosi turiluka kutoka kwenye benchi," akasema. "Kuna mtu anakuja, banange, jamani. Mtu wa krabu ya nje. Jumamosi ya wiki ijayo anakuja kutazama warinzi. Afande akasema lazima niwe tayari."

"Unaruka kutoka kwenye benchi! Kadi hukumpa?"

"Nirimpa. Ndiyo ariyoingia nayo uwanjani. Akasema, hata wenyewe wameandika, kuruka, mguu mzima tu."

Nilikaa chini. Palepale kwenye sakafu, kati ya mstari na chaki. Kuruka, mguu mzima tu. Kuruka: mguu ni mzima, basi. Ruksa.

"Na wewe ulijua kwamba sivyo," nikamwambia. "Wewe ulijua!"

"Niriulizwa kama ni mzima, mbele ya wote. Ningesema nini?"

Bosi alipokuja kuligusa lile goti, uso wake ulikunjamana. Alimpigia Afande simu hapohapo. Sauti ya Afande tuliisikia wote, simu haikuhitaji spika: kadi iko wazi, mchezaji mwenyewe amesema mzima, nyinyi mnataka nini tena? Bosi alikata. Hakunigombeza, na hilo liliniumiza kuliko kama angenigombeza.

"Mwandiko ni wako," akasema. "Kesho asubuhi nenda ukaurekebishe. Na huyu, mwanangu, wewe usikanyage uwanjani mpaka goti lipigwe picha. Umesikia?"

"Nimesikia, mama," mlinzi wetu akajibu.

Asubuhi nilitembea hadi Luzira nikiwa nimevimba kwa hasira kuliko lile goti. Njiani nilikuwa nikijisemesha, watu wananitazama. Nilitunga hotuba nzima. Nilikuwa na maneno makali ya kumwambia mtu mzima aliyenizidi umri, ya kumwonyesha kwamba mwili wa mtu si gari la jeshi. Nikafika, nikasimama pembeni, mstari umepangwa.

"Wazima?"

"Wazima, Afande!"

Na katikati ya sauti zile niliisikia ya kwake. Yuko pale! Mrefu kuliko wote, wa nne kutoka mwisho, goti limefichwa ndani ya soksi nene ya kukinga. Hotuba yote ikanitoka kichwani. Nilitaka kulia na nilitaka kumchapa, vyote kwa wakati mmoja.

Niliingia uwanjani na kimkoba changu cha plasta. Afande akaniona.

"Habari ya asubuhi, Afande," nikasema.

"Mzuri. Wewe uko mzima?"

Na mdomo wangu, msaliti huyu, ukajibu wenyewe: "Mzima."

"Basi. Wewe uko mzima, mimi niko mzima, hawa wako wazima. Shida iko wapi?"

Wasichana wakacheka. Ninaapa hata leo nikikumbuka masikio yanapata moto.

"Shida iko kwenye goti la huyu," nikasema, nikamwonyesha kwa kidole, jambo ambalo mama angenikemea. "Goti limejaa maji, Afande. Hatakiwi kuruka. Tuliandika."

Akatoa kadi yangu kwenye mfuko wa shati. Alikuwa ameiweka ndani ya karatasi ya nailoni ili jasho lisiiharibu. Hilo nalo lilinichoma, sijui kwa nini; ni kwamba aliitunza. Akaisoma kwa sauti ya kutangaza.

"Kuruka. Mguu mzima tu. Hii mwandiko ya nani?"

"Yangu."

"Basi wewe ndio uliniambia mguu iko mzima. Tu. Maneno imekwisha."

"Tu maana yake ule mguu mzima peke yake! Wa kushoto! Ule ambao haujapasuliwa!"

"Kushoto umeandika wapi?"

Akanigeuzia kadi. Nikaitazama kana kwamba neno kushoto linaweza kujitokeza kwa huruma. Halikuwepo. Mwandiko mzuri, herufi zimelala upande mmoja, na kushoto hakuna.

"Sikuandika," nikasema. "Hilo ni kosa langu, nimelibeba. Lakini Jumamosi, baada ya kuruka, goti lake uliliona?"

"Niliuliza. Uko mzima? Akajibu mzima. Yeye ndio mwenye goti, si mimi." Akawageukia wasichana. "Huyu si ndio ule wa kufua taulo pale ghala ya mahindi?"

Wakacheka tena, lakini wachache.

"Ndiye," nikasema, na hapo ndipo hasira iliponipa maneno ambayo sikuyatunga njiani. "Na mpaka leo nafua. Lakini mimi, Afande, siiulizi taulo kama imekauka. Naishika. Njoo ulishike goti hili. Weka mkono wako. Ukiona ni kavu, mimi naondoka."

Hakuna aliyecheka. Afande hakusogea. Alikuwa na mikono mikubwa, aliiweka nyuma ya mgongo, na nikaona kwamba anaogopa. Anaogopa kugusa. Maana akigusa atajua, na akijua hataweza tena kusema aliambiwa. Nadhani sijawahi kukasirika kama nilivyokasirika wakati huo, kwa sababu mpaka hapo nilikuwa bado najiambia labda ni lugha, labda ni mwandiko wangu, labda mzee wa watu amesoma alichokiona. Kumbe neno langu lilikuwa mwavuli tu, alilikuta limelala njiani akajifunika.

"Sawa," akasema. "Kwa nini tubishane? Aruke. Mara moja, mbele ya watu. Akiruka vizuri, wewe unarudi kwa taulo yako. We, mlinzi! Toka mbele."

Akatoka. Hakusita hata kidogo, hilo ndilo jambo lililonitisha. Alikwenda moja kwa moja kwenye mstari mweupe chini ya pete, akasimama, akanyanyua mguu wa kushoto. Alibaki amesimamia ule wa kulia. Paja lilikuwa linatetemeka, nililiona kutoka nilipo.

Nikakimbia. Hii haikuwa ile ndoto yangu, hakukuwa na jukwaa la watu waliosimama na mkoba haukuwa wa njano. Nilikimbia nikasimama mbele yake, kifua changu kwenye tumbo lake, maana ndipo ninapofika. "Ukiruka, unaniangukia mimi," nikamwambia. "Utanivunja. Haya, ruka."

"Toka, sista," akaninong'oneza. "Jumamosi ile anakuja. Toka tu."

"Sitoki."

"Mlinzi!" Afande akaita nyuma yangu. "Uko mzima?"

Akanitazama. Akawatazama wenzake. Kisha akaangalia pembeni, na mimi nikafuata macho yake: kwenye benchi alikuwa amekaa yule msichana wa katikati waliyemwita Hospitali, anafunga upya kamba za viatu ambazo hazikufunguka. Hakuinua uso.

"Nimeuliza. Uko mzima?"

"Mmoja, Afande."

"Mmoja nini?"

"Mguu mmoja mzima. Huu mwingine bado."

"Sema vizuri! Uko mzima, hauko mzima?"

Akaushusha mguu wa kushoto chini, polepole. "Si mzima, Afande," akasema, na sauti ilikuwa ndogo hata nikashangaa kwamba mtu mrefu hivyo anayo. Akakaa palepale kwenye saruji, akaivuta ile soksi nene mpaka kwenye kifundo. Wasichana wakaliona goti. Mmoja akaweka mkono mdomoni.

Kisha yule wa kwenye benchi akasema, bado akizitazama kamba zake, "Na mimi, Afande. Mfupa wa mbele. Haujapoa tangu wakati ule."

"Bega rangu pia," akasema mwingine kwenye mstari.

"Nyamazeni!" Afande akasema. Wakanyamaza. Lakini hakuwapa amri nyingine. Alisimama na ile kadi mkononi, akaitia ndani ya nailoni, akairudisha mfukoni kwa uangalifu, kisha akaniambia bila kunitazama, "Mchukue. Na ile Jumamosi asikuje."

Picha ya goti ilionyesha kano imeshika. Bosi alifumba macho aliposoma majibu, akashukuru Mungu wake kwa Kiganda. Lakini maji yalibidi yapungue, paja likalala tena, tukarudi kwenye kunyoosha na kuuambia msuli amka, bwana. Miezi miwili ilipotea hivihivi. Yule mtu wa nje alikuja kweli Jumamosi ile, akachukua wasichana wawili. Simu ilimfikia mlinzi wetu akiwa juu ya baiskeli. Alisikiliza, akasema, "Kale, sawa, wapongeze," akaweka simu, akaendelea kukanyaga. Nilikuwa nimesimama pembeni nahesabu, nikaacha kuhesabu. Siku hiyo hakufanya utani wowote kuhusu mguu wa kulia.

Watu wananiambia nishukuru kwamba kano haikukatika. Nashukuru. Lakini kukasirika sijaacha na sitaacha. Msichana amepoteza safari yake kwa sababu ya salamu! Kwa sababu mtu mmoja mwenye filimbi aligundua kwamba ukiuliza swali kwa adabu, mbele ya watu, kwa sauti kubwa, hakuna atakayekwambia ukweli, na ukweli usipousikia huna kesi nao. Na mimi nilimwandikia karatasi. Kila nikifika hapo nataka kuila ile kadi.

Kadi nimebadilisha. Sasa sitegemei maneno. Nachora miguu miwili, mmoja wa kijani na mmoja mwekundu, na chini naandika kulia na kushoto kwa herufi kubwa kama za bango la duka. Bosi anasema miguu yangu inafanana na mihogo. Sawa, mihogo, lakini hakuna atakayekosea muhogo upi uruke.

Afande hajaomba radhi. Uwanjani kwake bado wanaitika wote, nimesikia. Ila mwezi uliopita yule msichana wa katikati aliingia ghalani kwetu kwa miguu yake, amebeba salamu. Aliniigizia, mikono nyuma ya mgongo, kifua mbele: "Mwambie ule wa taulo, mguu ya huyu iko mbovu. Mbovu! Nimeshika mwenyewe. Aandike vizuri." Sikujua nicheke au nikasirike upya. Nilimkalisha kitandani, nikamuuliza jina lake ni nani. Hakutegemea swali hilo.

Na Alhamisi hii mlinzi wetu alipimwa. Aliruka kwa mguu wa kushoto, nikachora kijani. Akajipangusa mikono kwenye kaptura, akasimamia wa kulia, akavuta pumzi, akaruka. Alitua. Hakuyumba, ingawa chini kule walikuwa wanasukuma behewa na sakafu ilikuwa inatetemeka. Nikachora nyekundu. Nikapiga magoti, nikaweka vidole kati ya alama mbili, tukainama wote wawili tuone.

"Tatu!" akasema.

Nikabana vidole vizuri. Cha nne kiliingia. Kilibanwa, lakini kiliingia.

"Vidole vyako vyembamba, sista. Hivyo ni vitatu vya mtu mwingine. Andika tatu, nani atajua?"

"Wewe."

Akatazama ile chaki. Kisha akanyoosha mkono wake mrefu, akauweka mwenyewe pale kati, akahesabu kimoyomoyo midomo ikicheza.

"Haya," akasema. "Andika nne." Na akaenda kupanda baiskeli.